Kulima Ngoro Hatua kwa Hatua: Jinsi Wamatengo Wanavyoushika Udongo Mlimani

Ukipanda barabara ya Mbinga kwenda Litembo, mkoani Ruvuma kusini mwa Tanzania, mwezi wa Aprili, milima ya kushoto na kulia inaonekana imetobolewa. Mashimo ya mraba yamepangana, moja ubavuni mwa jingine, kutoka chini kidogo ya msitu hadi juu kidogo ya kijito, na juu ya kingo zake maharage yameota kijani kibichi. Hizo ndizo ngoro. Sisi Wamatengo kwa lugha yetu tunaziita ingolu. Zinalimwa kwenye miteremko ambayo mara nyingi inazidi asilimia 35, yaani ukienda mita 100 mbele umeshapanda zaidi ya mita 35 juu, tena kwenye nchi ambayo mvua yake inapita milimita 1,000 kwa mwaka. Mteremko wa namna hiyo ukilimwa ovyo, miaka michache tu unabaki mawe. Wa kwetu umelimwa tangu kabla ya Mjerumani, na bado unalisha watoto.

Sababu ya kuwepo huko juu inajulikana. Karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwabana watu milimani, wakawa wengi kwenye eneo dogo lenye mwinuko mkali. Hapakuwa na pa kuhamia udongo ukichoka. Ilibidi udongo uliopo utunzwe pale pale ulipo. Mwaka 1938 afisa wa kikoloni, A. H. Pike, aliandika makala nzima kuhusu namna Wamatengo wanavyozuia mmomonyoko, wakati sehemu nyingine za Tanganyika serikali yake ilikuwa inahangaika kuwafundisha watu jambo hilo hilo.

Naandika mwongozo huu kwa sababu nimeona watu wa mikoa mingine wakija kupiga picha, wakirudi kwao wanachimba mashimo, na baada ya msimu mmoja wanasema ngoro haifai. Walichukua shimo wakaacha mengine yote. Shimo la ngoro linasimama juu ya mambo matatu: nyasi zilizofukiwa ndani ya tuta, zamu ya mazao ya miaka miwili, na mgawanyo wa mlima wenyewe. Nitaanza na huo wa mwisho, maana ndio unaosahaulika zaidi.

Kabla ya jembe: gawa mlima

Kwetu ardhi haihesabiwi kwa ekari kwanza. Inahesabiwa kwa ntambo. Ntambo ni mgongo mmoja wa mlima ulioko kati ya vijito viwili, kutoka kileleni hadi maji yanapokutana. Kwa desturi ntambo moja ni ya ukoo mmoja. Juu kabisa panaachwa msitu. Chini yake kuna ngoro. Nyumba inakaa mahali penye ubapa kidogo, ikizungukwa na migomba na kahawa, zao lililoingia kwetu miaka ya 1920. Bondeni kando ya kijito ndipo penye bustani za mboga wakati wa kiangazi.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba anayeharibu juu na anayeumia chini ni mtu yule yule, au ni ndugu yake wa tumbo moja. Ukifyeka msitu wa kileleni, kijito cha bustani yako mwenyewe ndicho kinachokauka. Mambo hayo yalizungumzwa kwenye sengu, kikao cha kula pamoja nyumbani kwa mzee wa ukoo. Chakula kilipikwa nyumba kadhaa kikaletwa mahali pamoja, na wakati wa kula ndipo kijana aliulizwa kwa nini amelima hadi ukingo wa maji.

Wewe huenda huna ntambo. Una ekari mbili ulizonunua ubavuni mwa mlima, juu yako yupo jirani na chini yako yupo mwingine. Fanya hivi:

1. Panda hadi juu kabisa ya eneo lako mvua ikinyesha, uangalie maji yanaingilia wapi. Kama yanatoka kwa jirani yakiwa tayari mkondo, ngoro zako hazitayaweza. Ngoro zimekusudiwa mvua inayodondoka juu yake. Ongea na jirani kwanza, mkubaliane njia ya maji.
2. Acha ukanda wa miti juu, hata kama ni mita kumi tu. Kama hakuna miti, panda.
3. Acha nyasi na miti kando ya kijito. Usichimbe ngoro hadi kwenye maji.
4. Eneo linalobaki katikati, ligawe sehemu mbili zinazokaribiana ukubwa. Sababu utaiona kwenye kalenda.

Je, udongo wako unafaa?

Chimba kwa jembe hadi usawa wa goti. Unatafuta udongo wa juu wenye rangi nzito na kina cha kutosha, unaoshikana ukiufinyanga na kuvunjika ukiubonyeza. Mchanga mtupu haufai, tuta litamwagika. Mfinyanzi mzito unaotuamisha maji siku nyingi nao haufai, maana maharage yatafia kwenye kingo. Na kama chini ya sentimita thelathini tu umekuta mwamba laini uliolala kufuata mteremko, usichimbe ngoro hapo kabisa. Maji yakijaa juu ya mwamba wa namna hiyo, udongo wote unaweza kuteleza kwa pamoja. Panda miti au nyasi za mifugo.

Kwenye nchi kavu yenye mvua chache, mashimo ya kuvunia maji yapo ya aina nyingine, yenye kanuni zake. Ngoro ni ya nchi ya mvua nyingi.

Kalenda ya miaka miwili

Mzunguko mmoja unaanza Machi na kwisha Machi ya mwaka wa tatu. Machi ya mwaka wa kwanza, mvua zikielekea ukingoni, nyasi zinafyekwa, ngoro zinachimbwa, maharage yanapandwa. Maharage yanavunwa Juni au Julai. Shamba linakaa hivyo hivyo, matuta yakiwa yamesimama, hadi mvua zinaporudi Novemba au Desemba. Hapo mahindi yanapandwa juu ya matuta yale yale bila kulima upya. Mahindi yanavunwa Julai au Agosti ya mwaka wa pili. Kisha shamba linapumzika. Magugu na nyasi vinaota, mvua za Novemba zinavikuza, na Machi vinakuwa virefu vya kutosha kufyekwa tena.

Ukiangalia vizuri, shamba moja linakupa maharage mara moja na mahindi mara moja katika miaka miwili. Ndiyo maana familia inahitaji mashamba mawili yanayopishana mwaka, kila mwaka ipate vyote. Aliye na shamba moja dogo hushawishika kupanda mahindi kila mwaka. Akifanya hivyo hapati nyasi za kufukia, na tuta lisilo na nyasi ni rundo la udongo tu.

Hatua ya kwanza: kufyeka

Kazi hii kwa desturi ni ya wanaume, kwa nyengo, kifaa cha kufyekea. Fyeka chini kabisa, usiache visiki vya nyasi vinavyosimama. Magugu yanayotambaa yenye vizizi vya chini, kama sangari, yang'oe uyatupe nje ya shamba. Niliwahi kuharakisha hapo. Nilikuwa na wiki moja tu ya likizo, nikafukia sangari mbichi pamoja na nyasi nyingine, na mwezi wa Mei ilikuwa imetoboa tuta ikayapita maharage kwa urefu. Mwaka ule nilipata debe moja mahali ambapo mama alikuwa akivuna magunia.

Usichome moto. Narudia, usichome. Majivu yatakupa mahindi mazuri mwaka mmoja, na mvua ya kwanza kubwa itayabeba.

Acha nyasi zilizokatwa zilale wiki moja hadi mbili. Mama yangu alikuwa na kipimo chake. Alikanyaga fungu la nyasi kwa unyayo kisha akanyanyua mguu. "Ikiinuka bado iko hai, mwanangu. Ikilala, ifunike." Sijapata kipimo bora zaidi.

Hatua ya pili: kulaza nyasi katika miraba

Hapa ndipo umbo linapopatikana, na kamba haihitajiki kwa aliyezoea. Kusanya nyasi zilizosinyaa katika mistari inayoshuka na mteremko, kutoka juu kwenda chini, ukiacha kati ya mstari na mstari nafasi ya pima moja, yaani upana wa mikono yako miwili ukiinyoosha. Kisha laza mistari mingine inayokata ile ya kwanza, ikienda sambamba na ubavu wa mlima, kwa nafasi ile ile. Shamba lote litaonekana kama wavu uliotandikwa chini.

Kwa wanaopenda tarakimu: mraba wa kawaida ni kati ya mita 1.5 na mita 2. Ukichukua mita 1.5, ekari moja inabeba mashimo kama 1,800. Ukichukua mita 2, yanakuwa kama 1,000. Mteremko ukiwa mkali zaidi, fanya miraba midogo. Shimo kubwa kwenye mteremko mkali lina ukingo wa chini mrefu na mzito, na huo ndio unaobomoka.

Fungu la nyasi liwe nene. Ukilibana kwa mikono liwe kama paja la mtu mzima kabla halijafunikwa, kwa sababu litashuka sana.

Nimewaona maafisa ugani wakihangaika na vipimo vya usawa ili mistari ya ubavuni ifuate kontua, yaani mstari wa usawa mmoja wa mlima, bila kupinda. Kwa matuta marefu hilo ni la lazima, kwani tuta likipinda kidogo maji yote yanakimbilia upande mmoja, yanabomoa, na korongo linaanza. Ngoro imefungwa pande zote nne. Maji ya kila mraba yanabaki kwenye mraba wake. Ukikosea mstari kwa nusu hatua, kosa linaishia humo humo. Bibi zetu ambao hawakuwahi kushika kipimo waliweza kulima mlima mzima kwa sababu hiyo.

Hatua ya tatu: kuchimba na kufunika

Kazi hii ndiyo nzito kuliko zote, na kwa desturi wamebebeshwa wanawake. Nitarudi hapo.

Simama ndani ya mraba. Chimba udongo wa juu katikati, uutupe juu ya nyasi za pande zote nne, ukianza na upande wa chini ya mteremko. Upande wa chini upate udongo mwingi zaidi na uwe mpana zaidi, kwa sababu ndio ukuta wa bwawa lako. Chimba udongo mweusi tu. Ukianza kuona udongo mwekundu wa chini, simama. Kina kinategemea udongo wako: mahali pengine sentimita 20 zinatosha, pengine utafika 50.

Hili la kutogusa udongo wa chini ni zito. Mwaka 1955 Waluguru walisimama hadharani kupinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni kwenye milima ya Uluguru. Kulikuwa na sababu nyingi, na mojawapo ilikuwa ya kilimo kabisa: kukata ngazi kwenye mlima wenye udongo mwembamba wa juu kunafukia udongo mzuri na kufunua ule usiootesha kitu. Ngoro inafanya kinyume chake. Udongo mzuri wa katikati unapandishwa juu ya udongo mzuri wa ukingoni, na katikati yake zimo nyasi. Mmea unaoota kwenye ukingo wa ngoro una mashamba mawili chini yake.

Hatua ya nne: maharage

Usingoje. Siku ile ile tuta linapofunikwa, tawanya mbegu za maharage juu yake, au zipange kwa nafasi ya shibiri moja, kisha rudi shimoni uchukue udongo laini kidogo uzifunike kwa kina cha vidole viwili. Kwa hiyo kuchimba kunafanyika kwa awamu mbili: udongo wa kwanza unafunika nyasi, udongo wa pili unafunika mbegu. Wageni wengi huchimba shimo lote mara moja, halafu wanakosa udongo laini wa kufunika, wanaanza kuparua tuta.

Kwa nini maharage yatangulie na si mahindi? Nyasi zinapoanza kuoza, vijidudu vinavyozila vinachukua naitrojeni, kirutubisho cha mimea, iliyopo kwenye udongo. Mahindi yakipandwa hapo yatakuwa ya njano na manyonge. Maharage yana vinundu kwenye mizizi vyenye bakteria wanaoyapatia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo yanavumilia. Desemba ikifika, nyasi zimeshaoza, na kile kilichoazimwa kinarudishwa, kwa riba, kwa mahindi. Wazee hawakuwa na neno la naitrojeni, lakini utaratibu ulikuwa umeshapangwa.

Mvua kubwa ya Aprili ikinyesha, nenda shambani ukaangalie. Shimo litakuwa na maji kiasi, na chini yake tope lililotuama. Hilo tope ni udongo ambao kwa shamba la kawaida ungekuwa umeshafika mtoni. Ukiona ukingo umekatika, uzibe siku hiyo hiyo kwa nyasi na udongo. Ukingo mmoja ukiachwa, shimo la juu linamwagia la chini, la chini linaelemewa, na asubuhi yake una mfereji wa mashimo kumi.

Ukivuna maharage, mabua na maganda yarudishe shambani.

Mahindi, na palizi inayoingia shimoni

Novemba au Desemba, mvua zikishashika, toboa matuta upande mahindi kwa nafasi ya dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Usiguse mashimo.

Palizi ni Januari au mwanzoni mwa Februari, na ina namna yake. Magugu yaliyong'olewa kwenye matuta yanatupwa ndani ya shimo. Tope lililokusanyika shimoni linapigwa jembe na kupandishwa kwenye mashina ya mahindi. Shimo linakuwa jalala la magugu na ghala la mboji kwa wakati mmoja, na linapata nafasi ya kupokea mvua za Februari na Machi. Anayepalilia kwa kutupa magugu nje ya shamba anatupa mbolea ya mwaka kesho.

Siku hizi wengi wanaweka mbolea ya dukani kwenye mahindi, hasa pale ambapo kipindi cha kupumzisha shamba kimefupishwa. Sina ugomvi nayo. Iweke kwenye tuta karibu na shina, kamwe isiwe shimoni. Samadi ikipatikana, wengi kwetu wanaipeleka kwenye kahawa. Ukiwa na ya ziada, ichanganye na nyasi wakati wa kulaza.

Baada ya kuvuna, mabua yaache yamelala. Funga mbuzi na ng'ombe wako, na mwombe jirani afunge wake. Mifugo ikila majani yote ya shamba linalopumzika, Machi utakosa cha kufyeka.

Kazi hii ni ya nani?

Sitafunika jambo hili kwa sifa za mila. Mwanaume akifyeka na kulaza nyasi anamaliza kwa siku chache. Mwanamke anayechimba mashimo 1,000 anachimba wiki nyingi, mtoto mgongoni, mvua kichwani, na kupika kunamngoja. Nimekulia kwenye nyumba ambamo baba alikaa barazani wakati mama bado yuko mlimani, na hakuna aliyeona ajabu. Ngoro inatunza udongo vizuri mno, na gharama ya utunzaji huo imelipwa na migongo ya akina mama.

Ukianza leo, huna sababu ya kuiga mgawanyo huo. Kufunika kunahitaji jembe na nguvu, na vyote viwili wanaume wanavyo. Kwetu vikundi vya kulimiana kwa zamu vipo tangu zamani: leo kwa fulani, kesho kwa mwingine, mwenye shamba akipika chakula na pombe ya kienyeji. Watu kumi wakiingia shambani asubuhi, kipande ambacho mmoja angekilimia wiki mbili kinakuwa kimekwisha kwa siku moja au mbili. Kama ni mara yako ya kwanza, usianze na ekari. Anza na mashimo hamsini, upate mzunguko mzima, ujue udongo wako unasemaje.

Machi ya mwaka wa tatu

Umefika mahali ambapo nyasi zimekuwa ndefu tena, na matuta ya zamani yameshuka, yamebaki kama mikunjo ya shuka. Fyeka, acha zilale, kanyaga upime. Safari hii mistari ya nyasi isirudi ilipokuwa. Isogeze nusu mraba, ili nyasi mpya zilale juu ya mashimo ya zamani yaliyojaa tope na magugu yaliyooza, na shimo jipya liangukie pale matuta manne ya zamani yalipokutana. Ndivyo shamba lote linavyogeuzwa hatua kwa hatua, kila kipande kikipata zamu ya kuwa tuta na zamu ya kuwa shimo.

Piga jembe la kwanza kwenye makutano hayo. Kama ulifukia nyasi za kutosha miaka miwili iliyopita, udongo utakaotoka ni mweusi, mwepesi, wenye minyoo, na ndani yake utaona nyuzi za kahawia zinazokatika ukizishika. Urushie kwenye ukingo wa chini kwanza.